Maswali ya wasomaji: Mlima uliotolewa wakfu pamoja na wachungaji wake

Swali la kwanza

*Mhariri, katika makala yenu kuhusu monasteri za Serbia ya kale mliandika kwamba mtawala mmoja aliipa monasteri "mlima na Wavlahi 170". Mtu akipewa shamba, naelewa. Lakini mfugaji anayehama na kondoo wake, leo yuko kileleni na baada ya miezi michache yuko bondeni, anatolewaje wakfu? Na mlima usiolimwa uliwafaa nini watawa, ambao kazi yao ni sala?*

Ndugu msomaji, swali lako limegusa jambo ambalo makala yetu ililipita haraka mno, nami nimefurahi kupata nafasi ya kulirudia. Hati unayoitaja ni ya Stefan Nemanja, aliyekuwa župan mkuu, yaani mtawala wa Serbia. Mwaka 1196 aliacha madaraka, akavaa joho la utawa kwa jina la Simeon, na mwaka 1198 yeye na mwanawe Sava wakaifufua monasteri ya Hilandar katika Mlima Athos, rasi ya watawa iliyo Ugiriki ya leo, ambayo wakati huo ilikuwa gofu. Nyumba mpya ya watawa ilihitaji riziki, na hati ile ndiyo iliyoweka riziki hiyo katika maandishi.

Tuitazame orodha yenyewe kwa karibu, kwa sababu jibu la swali lako limo humo. Nemanja anaanza na vijiji vya upande wa Prizren, mji ulio katika Kosovo ya leo, pamoja na wakulima wake aliowaomba kwa Kaisari wa Bizanti. Kisha anataja mashamba mawili ya mizabibu aliyoyapanda yeye mwenyewe, na sehemu nne za mizinga ya nyuki, kila sehemu ikiwa na watu wawili wa kuitunza. Baada ya nyuki unakuja mlima uitwao Bogača. Baada ya mlima wanakuja Wavlahi, yaani wafugaji wa kuhamahama uliowauliza, wa makundi mawili, kila kundi likiwa chini ya mkuu wake, jumla 170, na wanahistoria wengi huisoma namba hiyo kuwa ni ya wakuu wa kaya. Mwishoni anaongeza farasi majike kutoka Zeta, nchi ya chini iliyo jirani na Bahari ya Adriatiki, na vipimo 30 vya chumvi kutoka huko huko.

Ukisoma orodha hiyo harakaharaka utadhani ni vitu vilivyookotwa huku na kule, lakini ukiifuata polepole utaona mwaka mzima wa riziki ukipita mbele yako. Nafaka inatoka bondeni, divai na asali zinatoka mitelemkoni, nyasi za majira ya joto ziko mlimani, na chumvi inatoka pwani, kwa maana pasipo chumvi jibini haihifadhiki, nyama haikai, na kondoo wenyewe hawastawi. Wavlahi ndio wanaoviunganisha vitu hivyo, kwa kuwa wao ndio wenye mifugo ya kupanda nayo mlimani na farasi wa kubebea mizigo katika nchi ambayo njia zake zilikuwa nyembamba na zenye miinuko mikali. Bogača bila wachungaji ungebaki kuwa nyasi za kuoza chini ya theluji, na wachungaji bila Bogača wasingekuwa na pa kupeleka kondoo wao mimea ya bondeni inapoanza kuchipua.

Sasa, mtu anayehama anatolewaje? Hati hiyo ina sharti fupi linalolijibu hilo waziwazi. Inasema kwamba mtu wa monasteri, au Mvlahi wake, akimkimbilia župan mkuu au bwana mwingine yeyote, arudishwe. Na watu wa župan wakikimbilia kwa watu wa monasteri, nao warudishwe. Kwa hiyo mfugaji aliendelea kuhama kama alivyozoea, na hakuna aliyemkataza, maana kuhama ndiko kulikomfanya awe na faida. Kilichofungwa ni utii wake: anahesabiwa katika daftari la nani, anampa nani sehemu ya kondoo wake, ni nani mwenye haki ya kumhukumu. Mimi naona hapa ndipo wengi wetu tunapokosea tukifikiria mali ya enzi zile, kwa sababu tunatafuta mipaka ya ardhi, wakati watawala wa karne ya 12 walikuwa wakihesabu watu kwanza na ardhi baadaye.

Kuhusu thamani ya mlima, fikiria kalenda ya mfugaji wa nchi hizo. Kwa desturi kundi lilipandishwa mlimani baada ya sikukuu ya Mtakatifu George katika majira ya kuchipua, na likateremshwa karibu na sikukuu ya Mtakatifu Demetrio, baridi inapoingia. Katika miezi hiyo ya katikati, mashamba ya bondeni yana nafaka, na majani ya makonde hayaliwi kwa sababu yanangojewa yakue, yakatwe, yakaushwe na kuwekwa akiba kwa majira ya baridi. Mifugo ikibaki chini, ama inakula nafaka ya watu, ama inamaliza majani ambayo yangeiokoa wakati wa theluji. Mlima ndio ulioamua nyumba moja ifuge kondoo kumi au mia, na watawa walilijua hilo vizuri, ndiyo maana hati zao zinaitaja milima kwa majina kwa uangalifu uleule wanaoutumia kutaja vijiji.

Jambo hilo lilikua sana katika miaka iliyofuata. Mfalme Milutin wa Serbia alipoijenga monasteri ya Banjska, kati ya mwaka 1312 na 1316, aliiwekea wakfu vijiji 75 na makundi manane ya wafugaji. Kundi la namna hiyo liliitwa katun, jina ambalo lilimaanisha watu wenyewe na pia kambi yao. Hati ya Banjska iliandikwa kama kitabu, ikapotea kwa muda mrefu, ikaonekana tena mwishoni mwa karne ya 19 katika kasri la kale la masultani mjini Istanbul. Ndani yake mna fungu zima liitwalo sheria ya Wavlahi, na fungu la aina hiyo linarudi tena katika hati ya monasteri ya Dečani ya mwaka 1330 na katika ile ya Malaika Wakuu karibu na Prizren, monasteri ya Stefan Dušan, mfalme wa Serbia aliyejitangaza kuwa kaisari.

Katika mafungu hayo tunaona kwamba wafugaji hawakuwa wa daraja moja. Walikuwapo wale walioitwa vojnici, yaani askari, wenye kutumika wakiwa juu ya farasi, na walikuwapo walioitwa ćelatori, ambao kazi yao ilikuwa kuitengeneza sufu ya monasteri. Wavlahi walitunza farasi wa monasteri, walitoa sehemu ya kondoo wao kila mwaka, na walikwenda pwani na farasi wa mizigo kuleta chumvi. Naomba usiipite hiyo safari ya chumvi kama jambo dogo. Kutoka Dečani hadi Adriatiki unapaswa kuvuka au kuzunguka milima ya Prokletije, ambayo ni miongoni mwa milima mikali zaidi katika Balkani, ukiwa na msururu wa farasi waliofungwa magunia ya chumvi isiyotakiwa kulowa hata kidogo.

Wakulima wa bondeni, walioitwa meropah, walikuwa na mzigo wa namna nyingine. Sheria ya Kaisari Dušan, iliyotangazwa Skopje mwaka 1349 na kuongezewa vifungu mwaka 1354, inasema kwamba meropah amfanyie bwana wake kazi siku mbili kwa wiki, atoe perpera moja (fedha ya wakati huo) kwa mwaka, akate majani siku moja pamoja na wenzake wote na kufanya kazi ya mizabibu siku moja. Siku mbili katika kila wiki, mwaka nenda mwaka rudi, ni mzigo mzito kuliko wa mtu anayetoa kondoo wachache na kusafiri msimu hadi msimu. Mkulima aliyechoka alikuwa na kila sababu ya kuutazama mlima kwa matamanio.

Ndiyo maana hati ya Banjska ina ule mstari unaonukuliwa mara nyingi, kwamba Mserbia asioe kwa Wavlahi, na akioa, amlete mke wake katika hali ya meropah. Nimeshawahi kuuona mstari huo ukitolewa kama ushahidi wa chuki kati ya makabila mawili. Siamini hivyo hata kidogo. Kama ingekuwa chuki ya damu, ndoa ingevunjwa au wahusika wangeadhibiwa. Hati haifanyi lolote kati ya hayo, inataka tu mke ahamie upande wa jembe. Mwandishi wake alihofia kwamba kijana wa kijijini akishaoa binti wa katun atamfuata mkwewe mlimani, na shamba la monasteri litabaki bila mtu wa kulima.

Swali la pili

*Mhariri, babu yangu alikuwa akisema kwamba ugomvi wa malisho ni mkongwe kuliko ugomvi wa mashamba. Ningependa kujua: katika hiyo Serbia ya wafalme, kundi la kijiji kimoja likiingia katika malisho ya kijiji kingine, nani aliamua? Na je, kanisa lenye milima mingi namna hiyo lilikuwa juu ya sheria?*

Ndugu msomaji, sheria ya Dušan inalizungumzia jambo hili kwa urefu unaoonyesha jinsi lilivyosumbua mahakama. Kwanza lazima nieleze neno moja. Župa ilikuwa wilaya ndogo, mara nyingi bonde moja la mto pamoja na milima inayolizunguka, na vijiji vilivyokuwa ndani yake vilijiona kuwa vya nyumba moja. Kanuni ya msingi ilitokana na sura hiyo ya nchi: ndani ya župa, kijiji kinachunga pamoja na kijiji, panapochunga hiki na kile kichunge, isipokuwa katika makonde ya majani ya kukata na katika maeneo yaliyotengwa kisheria, yaliyoitwa zabel. Lakini župa moja haina ruhusa ya kulisha mifugo yake katika župa nyingine. Malisho yalikuwa ya jirani wote, na mgeni wa bonde jingine hakuwa jirani.

Faini ya kuvuka mpaka iliitwa potka. Vijiji vikikosana vyenyewe kwa vyenyewe, faini ilikuwa perpera 50. Kwa Wavlahi na Waalbania ilikuwa perpera 100. Tofauti hiyo inaudhi ukiitazama kwa macho ya leo. Nadhani hesabu yake ilifuata ukubwa wa madhara: ng'ombe wachache wa mwanakijiji wakipotea njia wanaharibu kona ya konde, ilhali katun nzima ikisimama mahali usiku mmoja, asubuhi hakuna jani lililobaki. Hata hivyo ni wazi kwamba mtu wa mlimani aliingia mahakamani akiwa ameshachukuliwa kuwa mwenye hatari zaidi.

Kifungu ninachokipenda zaidi ni kile kinachohusu safari. Mvlahi au Mwalbania akipiga kambi katika kijiji, basi mwingine anayekuja nyuma yake asisimame katika kijiji hichohicho. Na akisimama kwa nguvu, alipe potka pamoja na thamani ya alichokilisha. Aliyeandika kifungu hicho alikuwa ameyaona mambo yenyewe. Wakati wa kuteremka kutoka milimani, makundi yanafuatana katika bonde lilelile, kondoo kwa mamia, farasi, mbwa, watoto, vyungu na mahema, na vijiji vya njiani vinajua kwamba kundi la kwanza litakula sehemu yake. Kundi la pili likilala palepale, kijiji kinaingia katika majira ya baridi bila chakula cha mifugo. Sheria haikumzuia mfugaji kupita wala kupumzika, iliwagawanya wasafiri katika vijiji mbalimbali ili mzigo usimwangukie mtu mmoja.

Waliohitaji nyasi za majira ya baridi katika ardhi ya kaisari walizilipia, hata wakiwa makabaila. Kila kabaila aliyepitisha baridi huko na mifugo yake alitoa farasi jike mmoja katika kila mia, kondoo jike mmoja pamoja na mwanakondoo wake katika kila mia, na ng'ombe mmoja katika kila mia. Angalia jinsi ada hiyo ilivyokuwa ya mali hai: kondoo mwenye mtoto ni mwanzo wa kundi jingine.

Sasa kuhusu kanisa. Sheria inatamka kwamba milima iliyo ya kaisari ibaki ya kaisari, iliyo ya kanisa ibaki ya kanisa, na iliyo ya makabaila ibaki ya makabaila. Maneno kama hayo huandikwa pale ambapo watu wamekwisha kuanza kunyang'anyana. Monasteri ilikuwa na nguvu kubwa katika ugomvi wa aina hii kwa sababu moja rahisi: ilikuwa na maandishi. Hati zake zilieleza mpaka kwa kutaja chemchemi, jabali, mti na mgongo wa mlima, mpaka ukifuata kule ambako jiwe likisukumwa litabingirikia upande huu au ule, na mwanakijiji aliyetegemea kumbukumbu ya baba yake alisimama mbele ya kipimo hicho akiwa mikono mitupu. Lakini kumbukumbu haikudharauliwa kabisa. Kesi ya mpaka kati ya vijiji ilipokuja, kila upande ulitoa mashahidi, nusu hawa na nusu wale, na pale walipopataja mashahidi ndipo mpaka ulipowekwa.

Wala kanisa halikuwa juu ya sheria, angalau katika karatasi. Kifungu kimoja kinasema kwamba bwana hana ruhusa ya kumtenda meropah lolote nje ya sheria, na kwamba meropah anaruhusiwa kumshtaki bwana wake, awe ni kabaila, kanisa, malkia au kaisari mwenyewe. Najua umbali uliopo kati ya kuruhusiwa kushtaki na kupata haki, hasa kwa mkulima ambaye hakimu wake wa karibu angeweza kuwa abati, yaani mkuu, wa monasteri ileile. Bado nakiheshimu kifungu hicho, kwa kuwa kilimpa mtu wa chini neno la kushika.

Kuna mgongano mwingine wa milimani ambao watu huusahau, nao ni wa migodi. Wachimbaji Wajerumani waliojulikana kama Wasaksoni walikuwa Serbia tangu katikati ya karne ya 13, na mji wa kwanza wa migodi kutajwa ni Brskovo, mwaka 1254. Tanuri za kuyeyushia madini zilikula misitu. Dušan aliwaambia kwamba walichokwisha kukata ni chao, ila kuanzia hapo wasikate tena, na mahali walipofyeka wasiweke watu. Pabaki wazi ili msitu uote upya. Kwa mfugaji mlima ni nyasi, kwa mchimbaji mlima ni kuni na madini, na kwa mtawa mlima ni riziki ya nyumba ya Mungu; kaisari alitakiwa kuwatosheleza wote watatu kwa miteremko ileile.

Swali la tatu

*Mhariri, hao Wavlahi walikuwa Waserbia au watu wengine? Na je, kuna chochote kilichobaki cha mambo hayo yote?*

Ndugu msomaji, hapo mwanzo Wavlahi walikuwa wazawa wa Balkani waliozungumza lugha iliyotokana na Kilatini. Kadiri miaka ilivyopita walichanganyika na Waslavi, hata katika hati za karne ya 14 unakuta mchungaji mwenye jina la Kislavi amesimama karibu na mwenzake aitwaye Radul, jina ambalo mwisho wake unatoa harufu ya lugha ya zamani. Polepole neno "Vlahi" likawa linamaanisha zaidi kazi na daraja ya mtu kuliko ukoo wake. Ukisoma neno hilo katika hati, jiulize mwandishi anazungumzia lugha ya watu hao au wajibu wao. Mara nyingi ni wajibu.

Yaliyobaki ni mengi. Eneo la milima la kusini-magharibi mwa Serbia bado linaitwa Stari Vlah, yaani Vlahi ya Kale. Neno katun linaishi: huko Montenegro ni jina la vibanda vya majira ya joto ambako familia hupanda na mifugo yao mpaka leo, katika Kialbania neno katund ni kijiji, na katika Kiromania cătun ni kitongoji. Kanisa la Dečani, lililojengwa kati ya mwaka 1327 na 1335 na fundi Fra Vita kutoka Kotor, mji wa pwani ya Adriatiki, bado limesimama chini ya milima ya Prokletije, katika Kosovo ya leo, likiwa na watawa ndani yake. Monasteri ya Malaika Wakuu haikupata bahati hiyo. Mawe yake yalichukuliwa kujengea msikiti wa Sinan Pasha mjini Prizren mwaka 1615, na misingi yake ndiyo iliyobaki kando ya mto.

Ukibahatika kufika Serbia, nenda Žiča, monasteri ya mfalme wa kwanza wa Serbia, Stefan mwana wa Nemanja, aliyevikwa taji mwaka 1217. Hapo hati ya wakfu haikuachwa kwenye ngozi peke yake. Iliandikwa kwa rangi ukutani, katika njia ya kuingilia kanisani chini ya mnara, ili asiwepo mtu wa kudai kwamba hakuiona. Wavlahi waliopewa monasteri hiyo walitajwa mmoja mmoja kwa jina, pamoja na vijiji na milima yao.